Kompyuta imepona, mimi bado

Jamani, leo ndo nimepata nguvu ya kusimulia. Juzi napiga hesabu za dagaa hapa Mwaloni Kirumba, skrini ikawa nyekundu tupu, king'ora kinalia: "Una virusi, piga namba hii." Nami huyo, nikapiga! Jamaa mpole kama padri, akanipakulisha programu "anisaidie". Mshale ukaanza kutembea wenyewe, nami nautazama tu (akili sijui ilikuwa Ukerewe) mpaka akafungua akaunti yangu ya benki. Ndo nikazima intaneti. Laki tatu zilishaondoka.

Benki wamefunga kadi, nywila nimebadilisha zote kwa simu ya mdogo wangu, fundi kafuta kila kitu na kupiga Windows upya. Orodha ya wadaiwa ilikuwa humohumo. Mnajijua.