Haukuwa mdondo

Kuku wa kwanza alipokufa nilisema mdondo, yaani kideri. Hapa Morogoro kuku akifa ghafla watu hawahangaiki kutafuta jina lingine. Nilimfukia nyuma ya choo, nikamwaga majivu bandani, nikakaa kusubiri wengine waanguke.

Hawakuanguka. Hapo hesabu ikaanza kunikataa. Mdondo ukiingia hufagia banda ndani ya siku chache, vifaranga na wakubwa, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda. Kwangu alikufa mmoja tu, wa miaka minne, na matetea wa mwaka jana walikuwa wanakimbizana na panzi kama kawaida. Na chanjo ya tone la jicho nilikuwa nawapa kila baada ya miezi mitatu.

Miezi miwili baadaye akaanza wa pili, chotara mwekundu wa rika lilelile. Nikimwaga pumba wenzake wanarukiana, yeye kasimama pembeni, macho nusu. Upanga wa kichwani ukapauka. Duka la dawa za mifugo nikauziwa antibayotiki ya unga ya kuchanganya kwenye maji kwa siku tano. Muuzaji hakuuliza hata kuku ana umri gani. Jirani mmoja akaniletea shubiri mwitu ya kuloweka. Mwingine akasema, "Dada, kuku mzee dawa yake sufuria." Nikacheka, ila kuku uliyemnywesha antibayotiki humli kesho yake, na mayai yake pia hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe. Hilo nalo dukani hawakunieleza, nilisoma mwenyewe kwa tochi ya simu.

Jioni ya siku ya sita nikamshika. Mfupa wa kidari ulikuwa umechongoka kama kisu, nyama imekwisha, lakini mkononi bado mzito. Ajabu! Nikapitisha vidole chini, kati ya miguu: tumbo limejaa, linacheza kama mfuko wa plastiki uliotiwa maji. Nikamweka chini, akasimama wima, miguu kaitanua, kama mama mwenye mimba ya miezi tisa. Ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa akitaga mayai yasiyo na ganda, ngozi tupu, halafu akaacha. Ila kiotani hakuacha kwenda. Anakaa asubuhi nzima, anatoka bila kitu.

Akafa usiku. Safari hii sikushika jembe. Nilimfunga kwenye mifuko miwili, nikamlaza kwenye ndoo yenye barafu (friza hapana, mzoga ukishaganda uchunguzi unaharibika), asubuhi nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akavaa glovu, akampasua mbele yangu. Maji ya manjano yalitoka zaidi ya kikombe kizima, na katikati ya utumbo mabonge ya kiini, kama yai la kuchemsha lililopondwapondwa. Harufu yake niliondoka nayo kwenye khanga.

Daktari akanieleza. Kiini kikitoka kwenye ovari kinatakiwa kidakwe na mdomo wa mrija wa mayai. Mrija ukiwa na uvimbe au umechoka kwa miaka ya kutaga, kiini kinaangukia tumboni, bakteria wanakikuta huko. Si ugonjwa wa kupita banda zima kama mdondo, ndiyo maana vijana walikuwa salama. Dawa huenda ingesaidia mwanzoni kabisa, mayai yalipoanza kukosa ganda. Mimi nilianza tumbo likiwa limeshajaa.

Nikamuuliza, na yule wa kwanza je?

"Huyo umemfukia," akasema. "Kamuulize mwenyewe."

Wa rika lile wamebaki wawili. Kila Jumapili jioni wakishapanda kwenye fito napita na kuwapapasa, kidari kwanza, halafu tumbo, naandika kwenye daftari la mayai. Jumapili iliyopita mweusi alikuwa sawa. Wa madoadoa tumbo sikulielewa, na kiotani kwake asubuhi ile niliokota ngozi tupu. Kesho namwahisha kwa daktari, kuku akiwa bado mzima.