Chumba na sebule, na Injili ya Jumatano ya Majivu

Kila Jumatano ya Majivu, siku sisi Wakatoliki tunapoanza Kwaresima, Injili ni ileile, Mathayo sura ya 6. Ukitoa sadaka usipige tarumbeta. Ukisali ingia chumba cha ndani ufunge mlango. Ukifunga nawa uso, watu wasijue. Padre akimaliza kutuhubiria hayo, tunapanga mstari tunapakwa majivu kwenye paji la uso, tena yanayoonekana vizuri, na tunatoka nayo hivyohivyo hadi kituo cha daladala. Mwaka huu, Februari 18, kijana mmoja niliyekaa naye kiti kimoja alininong'oneza kwa adabu, "Mama, una masizi hapo usoni." Nikamwambia asante mwanangu, nayajua.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Tunaishi chumba na sebule. Sebule mchana ni ofisi: cherehani, meza ya kukatia, nguo za wateja zimening'inia hadi dirishani. Usiku meza inasogezwa ukutani, magodoro ya watoto yanatandikwa. Chumba cha ndani kipo, ila mlango wake ni pazia, na nyuma ya pazia hilo kuna mume aliyerudi zamu ya usiku. Kwa hiyo padre akisema "ingia chumba chako cha ndani", nusu ya kanisa letu tunatazamana. Sali wapi? Chooni tunachangia wapangaji wote, na huko ukikaa dakika tano mtu anagonga.

Ndiyo maana mimi Kwaresima naisali na jumuiya, yaani kikundi cha familia za Wakatoliki wa mtaani kwetu. Wapo wanaoona jumuiya ni mzigo, michango na umbea, bora mtu akae kwake afuatilie misa kwenye simu. Siwalaumu wote. Lakini maaskofu wa kanda yetu hii ya Afrika Mashariki walipoamua miaka ya sabini kwamba Kanisa lianzie kwenye jumuiya ndogondogo, nyumba kwa nyumba, naona kama walikuwa wameshawahi kuingia nyumba za watu wa aina yangu.

Kila Ijumaa tunafanya Njia ya Msalaba mtaani, sala ya kuifuata safari ya Yesu hadi kaburini, kituo kwa kituo. Vituo ni 14, kama Papa Klementi wa XII alivyoviweka mwaka 1731, na sisi kila kituo tunakipa geti la mtu, au mlango, maana mageti yenyewe ni machache. Mwenye nyumba anatoa meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Mshumaa unazimwa na upepo kabla hatujafika, unawashwa, unazimika tena. Msalaba mkubwa wa mbao alituchongea seremala wa mtaa wa pili, mninga mtupu, na uzito wake si wa kuigiza. Katibu wa jumuiya ndiye anayepanga wabebaji, wawili wawili, na nina hakika anapanga kwa makusudi. Ijumaa iliyopita aliwapanga pamoja wazee wawili ambao tangu mmoja ajenge ukuta hawajasalimiana. Walibeba kuanzia kituo cha tano, cha Simoni Mkirene, hadi cha saba. Hawakusemeshana, zaidi ya yule wa nyuma kusema "mtaro huo" na wa mbele kuuruka.

Mwaka huu Ramadhani nayo imeanza wiki hiyohiyo, basi tumeirudisha nyuma saa yetu. Tunaanza saa kumi na nusu ili adhana ya magharibi isitukute tumeziba kichochoro watu wakiwa wanakimbilia futari. Matokeo yake wanaotoka kazini hawawahi mwanzo. Wanatukuta njiani, kituo cha saba, cha nane, wanapiga goti na mikoba yao na viatu vya ofisini kwenye mchanga. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mwislamu. Kituo kikiwa kwangu yeye ndiye anayefagia mbele ya nyumba, kwa sababu uwanja ni mmoja. Jiko lake la mkaa, lenye sufuria ya uji wa futari, analisogeza pembeni tupate pa kupita. Wiki iliyopita tuliimba kirefu mno, akaniita pembeni: "Shoga, waambie wenzako wakaze mwendo, magharibi hiyo." Nikamfikishia katekista, mwalimu wa dini anayetuongoza, akapunguza beti.

Kituo cha nne, Yesu anakutana na Mama yake, kilisomwa na mama ambaye mwanawe alifariki mwaka jana kwa ajali ya bodaboda. Hakupangiwa. Aliyepangiwa hakufika, kitabu kikawa mikononi mwake kwa sababu alikuwa karibu. Alisoma mstari wa kwanza vizuri. Wa pili akausoma nusu. Akanyamaza. Mimi nilifikiri katekista atakichukua kitabu, maana ndivyo tulivyozoea, mtu akilia tunamwondoa haraka tumkalishe, tumpepee. Hakukichukua. Alisimama tu anatazama chini, na sisi tulikaa magotini, kokoto zinachoma, pikipiki zinapita barabara ya juu. Kisha bibi mmoja nyuma akaanza lile itikio tunalolijua wote, "kwa kuwa umewakomboa watu", wakati wake haukuwa huo kabisa, na watu wakalipokea hadi "kwa msalaba wako mtakatifu". Yule mama akavuta pumzi, akarudi kwenye mstari wake, akamaliza ukurasa.

Sala ile kwenye chumba cha ndani asingeimaliza. Mimi pia nisingeimaliza.

Kwa hiyo kuhusu sala, nimeshafanya amani na Mathayo. Naamini mtu anaweza kujificha katikati ya watu thelathini wanaoimba vibaya, na siri yake ikabaki kati yake na Baba yake.

Kufunga ni jambo jingine. Hapo Injili naichukua kama ilivyo. Sheria ya Kanisa inadai kidogo sana, siku mbili tu za kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na nyama kuacha siku za Ijumaa. Anayeongeza aongeze, ila atunyamazie. Kuna ndugu tukimaliza sala akikaribishwa maji anasema kwa sauti, "Hapana, mimi niko kwenye mfungo." Tuko wote kwenye mfungo. Kunywa maji. Kwa upande mwingine yupo bibi, amevuka sabini, sheria ilishamwachilia zamani, nami nimekuja kujua kwamba hali chakula mchana kwa sababu tu nilimpelekea gauni lake kulijaribisha nikakuta jiko la baridi na sahani ya mjukuu peke yake.

Na sadaka. Hapa ndipo ninapogombana na jumuiya yangu. Sadaka ya Kwaresima inapokusanywa, mhazini anasoma orodha: jina, kiasi, jina, kiasi, na walio sifuri wanasomwa vilevile. Nimeuliza kwa nini, nikajibiwa ni uwazi, hela za watu zinahitaji uwazi. Kweli kabisa. Soma jumla basi, parokia itoe stakabadhi, tuione. Lakini "familia ya fulani, bado" mbele ya watoto wao, dakika kumi baada ya kuwa tumepiga magoti pamoja kokotoni, si uwazi huo. Mwezi huu mama wa kituo cha nne alisomwa bado.

Nashona zile nguo za zambarau za kufunika sanamu za kanisani kabla ya Dominika ya tano ya Kwaresima. Kitambaa cha tetroni kimebaki cha kutosha, nimeshona na mifuko midogo ya sadaka, mmoja kwa kila nyumba, yote sawa, haina mahali pa kuandika jina. Jumamosi nitaipeleka kwenye kikao cha jumuiya, tukifika mengineyo. Mhazini hatafurahi, na mwenyekiti ni shemeji yake, kwa hiyo nimeshaongea na bibi na wale wazee wawili wa ukuta. Kila mmoja kwa wakati wake.