Nilivyopima wimbi la mshtuko la Jua kwa laptopu ya RAM 4

Mlipuko wa Jua niliouchagua ni ule wa daraja la X2.2 (X ndiyo milipuko mikali kuliko yote) wa tarehe 15 Februari 2011. Kilele chake kilikuwa saa 01:56 UTC, yaani huku kwetu saa kumi na moja kasoro dakika nne alfajiri, Jua lenyewe halijachomoza. Picha ni za SDO, setilaiti ambayo NASA iliirusha 2010, na yeyote anaweza kuzipakua bure. Bure, ukiacha bando.

Kila picha ina pikseli 4,096 kwa 4,096. Nikifungua ya sita, laptopu inaganda. Basi nikazipunguza zote hadi 1,024 kwa 1,024, wala sikuandika popote kwamba nimezipunguza.

Kwenye picha za kawaida wimbi hulioni. Mwako umemeza kila kitu. Dawa yake ni kutoa: kila picha unaiondolea iliyoitangulia, kinabaki kilichobadilika tu. Nilipojaribu, skrini ikaanza kupepesa, kijivu, cheusi, kijivu, cheusi. Mdogo wangu akapita nyuma yangu: "Kaka, imekufa tena?" Haikufa. Mlipuko ukiwaka sana, kamera ya SDO hupunguza muda wa kupokea mwanga kwenye picha moja, inayofuata ikarudi kama kawaida. Picha hupigwa kila sekunde 12, kwa hiyo nikawa naruka moja, nalinganisha za sekunde 24. Hapo ndipo lilipojitokeza: upinde mweupe hafifu ukitanuka kutoka kwenye mlipuko, nyuma yake kivuli.

Ukingo wake ulisogea pikseli 98 kwa dakika nne. Pikseli ya SDO ni kama kilomita 430, nikapata kilomita 175 kwa sekunde. Furaha ilidumu hadi chai ilipopoa. Katika korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, yenye nyuzi milioni moja na nusu, sauti tu husafiri karibu kilomita 180 kwa sekunde! Wimbi la mshtuko hulipita wimbi la kawaida, ndiyo maana huibana plazma, ile gesi ya Jua yenye chaji ya umeme, ghafla kabla haijawahi kusogea. Langu lilikuwa linachechemea.

Jioni nzima nikailaumu fomula. Kumbe pikseli yangu moja ilikuwa na upana wa nne za SDO. Zidisha kwa nne: 700 hivi. Sidai usahihi zaidi ya huo, maana ukingo wa wimbi unauamua kwa jicho, na Jua ni mpira, si sahani.

Wengi husema mlipuko ndio unaolisukuma. Mimi naegemea wanaosema msukumaji hasa ni wingu la plazma linalorushwa pamoja nao.

Nikaendelea kuzitazama picha. Wimbi lilipogonga tundu la korona, eneo jeusi lenye plazma chache, sehemu yake ilipenya na sehemu ikarudi. Hiyo iliyorudi niliiona kwa tabu, baada ya kuzima taa ya chumba.