Kilwa hadi Msimbati kwa hema: wastaafu, tazameni mwezi kwanza

Mstaafu ana kitu ambacho mwenye likizo ya siku kumi hana: anaweza kusubiri maji. Kwenye pwani ya kusini ya Tanzania jambo hilo lina uzito kuliko aina ya gari unaloendesha.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa: maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hutoka kabisa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Baada ya wiki moja ni maji mafu, na saa hugeuka: saa 4 asubuhi maji yamejaa, ingawa hayapandi sana wala hayatoki mbali.

Kwa hiyo fika Kilwa Masoko kwenye maji mafu, na Msimbati wiki moja baadaye, kwenye bamvua. Kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, ni kazi ya asubuhi, kabla upepo wa kusi haujachangamka. Asubuhi ya bamvua mashua haiwezi kusogea karibu, na abiria hulazimika kutembea majini juu ya mawe yanayoteleza. Magoti ya miaka 65 hayapendi mchezo huo. Kibali cha kuingia kwenye magofu kichukuliwe Masoko kabla ya kuvuka. Vaeni viatu vinavyofunga kisigino, maana kutoka Msikiti Mkuu hadi kasri la Husuni Kubwa ni mwendo, na jua halina huruma.

Msimbati ni kinyume chake. Njia ya kwenda ufuko wa Ruvula ni mchanga mtupu, na sehemu nyingine watu hupita ufukweni maji yakitoka. Siku ya bamvua ingieni saa 2 asubuhi, muwe mmetoka ifikapo saa 6 mchana. Msijaribu kuongeza hata nusu saa. Maji hayajai kwa mwendo mmoja: katika saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne hubeba nusu ya kimo chote. Bamvua la mita 3.5 hupanda karibu sentimita 90 katika kila mojawapo ya saa hizo mbili, na kwenye ufuko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 30, ukingo wa maji unakusogelea mita 27. Gari lililonasa saa 6 lina muda mfupi kuliko unavyoonekana.

Kabla ya mchanga, shusheni upepo wa tairi kutoka PSI 35 hadi 18. Wengi huishia 25 kwa woga, kisha hulaumu gari. Tairi likilala hukanyaga eneo refu na halichimbi. Ingizeni gia nzito mapema, mwendo uwe mmoja, msikate kona kwa ghafla, na mkitaka kusimama acheni mafuta bila kukanyaga breki, vinginevyo mchanga hujikusanya mbele ya matairi. Gari likianza kuzama, acheni mafuta palepale. Kuzungusha tairi kwa hasira huteremsha gari hadi likalie tumbo, na hapo ni koleo kwa saa nzima. Fukueni nyuma ya matairi yote manne, shusheni upepo hadi 14, rudini nyuma kwenye alama zenu wenyewe. Jeki bila ubao wa sentimita 40 kwa 40 chini yake ni mzigo tu. Pampu ya umeme wa betri ni lazima, kwa sababu kurudi lami na upepo mdogo huchoma tairi.

Hema. Tafuteni mistari ya mwani mkavu ufukweni. Mara nyingi ipo miwili. Ule wa juu, uliochanganyika na vijiti, ndio wa bamvua. Laleni juu zaidi ya huo, angalau mita moja ya kimo. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote, basi Septemba ongezeni. Vigingi vya chuma vinavyokuja na hema havishiki mchanga. Jazeni mchanga kwenye viroba vya unga vya kilo 5, fungeni kamba katikati, fukieni sentimita 50 kwenda chini na mkanyagie. Kivuli cha mivinje ni kizuri. Chini ya mnazi hapana, hata kama nazi hamzioni.

Kitanda cha kukunja chenye kimo cha sentimita 45 kinamwezesha mtu kuamka bila kushikwa mkono. Wekeni vipande vya mbao chini ya miguu yake kisije kuzama. Na ndoo yenye mfuniko iwe ndani ya hema. Kutoka nje gizani mara tatu usiku ndiko kunakoangusha wazee.

Mwenye sukari asitegemee mtungi wa udongo kupoza insulini. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, mtungi haupozi vya kutosha. Tumieni chupa ya chai yenye barafu iliyofungwa kitambaani, insulini isiguse barafu, maana ikiganda imeharibika. Barafu hupatikana wanakoshushia samaki. Hospitali za kukumbuka: Kinyonga Kilwa, Sokoine Lindi, Ligula Mtwara.

Wiki ya katikati ni ya Mchinga, Lindi na Mikindani, na haina haraka. Kila kijiji anzieni kwa mtendaji, mwandike majina kitabuni kabla ya kushusha hema. Mtaamkiwa shikamoo kabla hamjafungua mlango wa gari, na mara nyingi mtaonyeshwa na wenyeji mahali pasipofikiwa na maji. Msimbati ni ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo lipeni ofisini kwanza. Na kwa kuwa mpaka wa Msumbiji upo karibu, ulizeni polisi Mtwara hali ikoje.

Machi hadi Mei msiende. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu wilayani Kilwa, na magari yalikwama pande zote mbili.

Mkifika Mtwara mkitoka Msimbati, osheni gari chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, mpake grisi vichwa vya betri.