Taa zilivyonigomea Mama Ngina

Jana nimetokwa jasho, na si la joto la Mombasa. Jukwaa pale ufukweni Mama Ngina, taa kumi na mbili, nami nimeshajigamba: nyaya sitaki, naziendesha zote kwa tableti. Mchana zilitii kama watoto wa chuoni mbele ya maalimu. Saa mbili usiku, watu wamejaa, nabonyeza buluu, inakuja baada ya sekunde tatu. Nyingine haiji kabisa!

Kumbe rauta, kile kisanduku cha Wi-Fi kinachopeleka amri za tableti kwenye taa, nimeiacha kwenye masafa ya 2.4 GHz, na simu zote uwanjani zinapigania njia hiyo hiyo. Tena nimeiweka chini, nyuma ya spika. Mwili wa mtu ni maji mengi, na maji huyanywa mawimbi hayo.

Wasanii walipopumzika nikaipandisha kwenye stendi, juu ya vichwa vya watu, nikahamia 5 GHz. Vipokezi viwili vya taa, vya bei rahisi, haviijui 5, vikabaki kule kwenye 2.4, chaneli 11. Kila kipokezi nikakipa anwani ya kudumu, na Art-Net, lugha ya kupeleka amri za taa kwenye mtandao, nikaacha kuitangaza kwa wote, nikaituma kwa kila kimoja peke yake. Tableti nayo, ikiona Wi-Fi haina intaneti, inarukia data. Nikaichomoa laini.

Fundi wa sauti, mzee wa Kibokoni, akanitupia waya wa DMX, ule wa kuongozea taa, begani: "Mwanangu, huu hauulizi nywila."

Nimeufunga kwenye taa za mbele, zile za uso wa mwimbaji. Za rangi bado ziko hewani.