Zawadi Ambayo Barzilai Aliikataa

Wapendwa katika Bwana, Krismasi moja nilimpelekea jirani yangu mzee kikombe. Nilikichagua kwa makini. Kilikuwa kizito, kimenakshiwa maua ya buluu, na mkono wake ulikuwa mwembamba uliopinda kwa madaha. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akanibariki kwa maneno mengi, nami nikarudi nyumbani nimeridhika.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta akinywa dawa. Alikuwa ameshika kikombe cha plastiki kilichopauka, amekikumbatia kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Kile changu kilikuwa kabatini, bado kimefungwa kwenye karatasi yake. "Nakitunzia wageni, mwanangu," akasema. Ndipo nikavitazama vidole vyake. Viungo vimevimba, na kidole cha shahada hakikunjiki tena. Mkono wa kikombe changu usingepitisha hata kidole kimoja. Na mimi nilikuwa nimemsalimia miaka yote hiyo kwa kuushika mkono wake huo wenye vidole hivyo.

Tangu siku hiyo, kila Desemba ikikaribia, narudi kwenye habari ya Barzilai katika 2 Samweli 19. Hahubiriwi sana, na nadhani tunapoteza kitu kwa kumpita.

Mfalme Daudi anarudi Yerusalemu baada ya uasi wa mwanawe Absalomu. Kwenye kingo za Yordani anasindikizwa na mzee wa miaka 80, Barzilai Mgileadi, aliyemtunza huko Mahanaimu siku za ukimbizi. Mfalme anataka kumlipa fadhila, naye anampa kilicho bora kadiri ya mawazo ya mfalme: vuka pamoja nami, ukae Yerusalemu, nitakutunza. Mzee anakataa kwa adabu, tena anaeleza sababu zake moja baada ya nyingine. Je, bado naweza kuonja ninachokula na kunywa? Je, bado naweza kusikia sauti za waimbaji? Kwa nini niwe mzigo kwa bwana wangu? Niache nirudi nikafie katika mji wangu, karibu na kaburi la baba yangu na mama yangu.

Sikieni anavyosema. Karamu ya mfalme haina maana kwa ulimi usioonja, na kwaya ya mfalme haina maana kwa sikio lililoziba. Daudi hakuwa na nia mbaya. Alimtazama mzee akaona shujaa wa Mahanaimu, hakuuona mwili uliosimama mbele yake siku ile.

Zawadi zetu nyingi kwa wazee ndivyo zilivyo. Tunachagua kile ambacho sisi tungefurahia, au kile alichofurahia yeye miaka 20 iliyopita. Mwili wa mtu aliyekaribia miaka 90 una mambo yake. Masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, ndiyo maana anasikia mlango ukigongwa lakini maneno ya mtoto yanampita. Pua na ulimi hufifia. Jicho la uzeeni hupitisha mwanga kidogo, hivyo taa nzuri karibu na kiti anachopenda kukalia yaweza kumfaa kuliko picha ya ukutani, na Biblia ya maandishi makubwa haimfai kitu kama ni nzito kiasi cha kumlemea mapajani. Afadhali vitabu vyembamba, Zaburi peke yake na Injili peke yake. Ngozi imekuwa nyembamba, kwa hiyo sufu inayowasha ni adhabu, na blanketi jepesi linaloweza kuvutwa kwa mkono mmoja ni rehema. Ndala zilizo wazi kisigino na zulia dogo linaloteleza sakafuni vimewaangusha wazee wengi. Tafadhali msivinunue, hata vikiwa vizuri namna gani. Na kama ni kitu cha kuliwa, mwulize kwanza anayemtunza, maana dawa nyingine hazipatani na baadhi ya vyakula.

Jambo dogo ambalo huwa hatulifikirii ni jinsi tunavyofunga zawadi. Ile gundi ya karatasi tunayobandika kila kona! Mzee anahangaika nayo mbele ya watu, kucha hazikamati, mtu anamnyang'anya akisema "lete nikufungulie," na furaha ya kufungua inaishia mikononi mwa mwingine. Funga kwa kitambaa, kwa fundo moja legevu.

Kuna kosa jingine linaloniumiza zaidi, la kumpa mtu mzima kitu cha kitoto. Aliyelea watoto, akazika wapendwa wake na kuomba kwa machozi usiku kucha, tunamletea mdoli na kumsemesha kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. Mambo ya Walawi 19:32 inatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi na kumheshimu mzee, na amri hiyo imeunganishwa papo hapo na kumcha Mungu. Akili ya mzee ikiwa imeanza kusahau, heshima yake haijasahaulika kwa Bwana.

Lakini turudi Yordani, maana Barzilai hakuishia kwenye kukataa. Alimwonyesha mfalme kijana mmoja aitwaye Kimhamu, ambaye wengi humchukulia kuwa mwanawe. Huyu ndiye avuke, akasema, umtendee yeye utakavyoona vema. Daudi akaelewa. Akasema Kimhamu atavuka, nami nitamtendea yaliyo mema machoni pako *wewe*. Kisha akambusu mzee, akambariki, akamwacha aende kwake. Na hakusahau. Katika 1 Wafalme 2, Daudi akiwa karibu kufa, anamwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai, wawe miongoni mwa walao mezani pake.

Hapo ndipo nilipojifunza. Mtu wa umri mkubwa mara nyingi hana haja tena ya vitu. Kabati limejaa vikombe vya wageni. Lakini bado ana watu anaotamani kuwapa kitu, na nguvu za kuwapa ndizo zilizokwisha. Barzilai alikuwa mtoaji. Someni 2 Samweli 17:28-29 muone alivyokuja Mahanaimu na wenzake: walileta vitanda, mabakuli, ngano, unga, dengu, asali. Vitanda vimetajwa kwanza, mbele ya chakula, kwa sababu watu walikuwa wamechoka. Hawa walitazama kabla ya kutoa. Mtu wa namna hiyo ukimfanya mpokeaji tu, umemwondolea sehemu ya nafsi yake.

Basi Krismasi iliyofuata sikununua kitu kwanza. Nilikwenda kwa Bibi wiki tatu kabla, nikakaa. Sikuuliza "nikuletee nini?" maana jibu la swali hilo nalijua, "usijisumbue." Niliuliza, "Bibi, kuna mtu unayemfikiria sana siku hizi?" Akanyamaza kidogo, kisha akamtaja mjukuu wake aliye mbali. Alitaka kumwandikia. Mkono ulikuwa unatetemeka na hakutaka barua iende imeandikwa vibaya.

Tuliandika siku mbili. Yeye alisema, mimi nikaandika, naye akanisimamisha mara kwa mara: "Hapana, hilo neno ni kali, weka jingine." Alimsimulia jinsi babu yake alivyookoka, jambo ambalo kijana yule hakuwahi kulisikia. Mwishoni nikampa kalamu nene aweke jina lake mwenyewe. Aliegemeza kifundo cha mkono juu ya Biblia, akashusha pumzi, akaandika herufi moja, akapumzika, akaandika nyingine. Jina la herufi sita lilichukua muda mrefu kuliko aya iliyolitangulia. Lilipokamilika alilitazama, akacheka.

Gharama yangu ilikuwa karatasi na stempu. Sisemi kila mmoja akaandike barua. Mwingine atataka umpeleke kanisani mara moja, akae ubavuni mwa rafiki yake wa ujana. Mwingine atataka mtu wa kumwandikia majina nyuma ya picha za zamani kabla hayajapotea. Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua saa yake imekaribia, alimwomba Timotheo mambo ya kawaida kabisa: joho aliloliacha Troa, na vitabu. Tena akaongeza, "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi." Joho lingeweza kuletwa na mtu yeyote. Alimtaka Timotheo mwenyewe.

Na tunaposoma Luka 2 wiki hii, tuwaangalie wazee wawili waliomo. Ana yumo, mjane wa miaka 84, asiyeondoka hekaluni. Simeoni yumo, ambaye Luka hakututajia umri wake, ila anazungumza kama mtu aliye tayari kuondoka duniani. Mariamu anamleta mtoto wa siku 40 hivi, na mzee huyu anampokea mikononi mwake. Hakuna aliyesema mikono hii ni dhaifu, atamwangusha. Mungu alimweka Mwanawe mikononi mwa mzee. Kisha mzee akawabariki wazazi, na wao wakabarikiwa.

Jirani yangu yu hai bado, kwa neema. Safari hii nimemnunulia taa, na kikombe chepesi chenye mikono miwili mipana, nilichokijaribu kwanza kwa kufunga vidole vyangu vitatu kwa kitambaa. Lakini hicho nitampa baadaye. Nikifika asubuhi ya Krismasi nitamwomba kwanza anibariki kwa mwaka unaokuja. Itabidi nipige magoti karibu kabisa na kiti chake, maana nikisimama mikono yake haifiki kichwani pangu.