Dogo anataka kwenda kucheza raga Ulaya

Nikija Dar likizo, sijavua hata viatu hapa Kinondoni, mtu keshauliza nimekuja na mchongo gani. Miaka ya nyuma ulikuwa mchongo wa kazi. Safari hii ni raga. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 17 na mwili wa mtu mzima, alianza kucheza na wenzake pale Coco Beach siku za Jumapili, na sasa kuna bwana amejitambulisha kwa shemeji kwamba ni wakala, anawatafutia vijana klabu Ufaransa. Na mimi naishi Ufaransa, tena nafanya kazi kwenye klabu ya raga. Kwa hesabu za ukoo, shughuli imekwisha, bado kukata tiketi tu.

Kazi yangu kule niiseme ilivyo: ni mbeba boksi kama wabeba boksi wengine. Nafua jezi, napanga vifaa, nabadilisha taulo vyumbani. Klabu yetu ipo daraja la tatu, wanaliita Nationale. Juu yake kuna Pro D2 yenye timu 16, na juu kabisa Top 14, ile ya kina Antoine Dupont wa Toulouse. Lakini anayefua jezi huwaona wachezaji wakati hakuna kamera, na hayo ndiyo niliyomsimulia shemeji.

Tuna propu mmoja kutoka Georgia, yaani mtu wa mstari wa mbele, wale wanaosukumana kwa mabega. Mapropu wa Georgia wamejaa Ufaransa, kama vile wapishi wa Kipemba walivyojaa kwenye mihogo na pweza huku kwetu. Ana miaka 31. Masikio yamevimba yakajikunja, hayarudi tena. Siku ya mechi anafika mapema kuliko wote, anakaa kwenye benchi na kujifunga tepu: vidole kwanza, halafu viganja, magoti, mwisho anazungusha kichwa kizima ili masikio yasichanike. Akimaliza kila duara anaikunja ncha ya tepu, kuisaka baadaye na vidole vilivyovimba ni taabu. Jumatatu yake sasa. Anashuka ngazi kinyumenyume, kashika reli, maana magoti hayataki kukunjwa kwa mbele. Asubuhi ananyanyua vyuma, mchana anakwenda kwenye ghala la mmoja wa wafadhili wa timu, kazi aliyotafutiwa na klabu, kwa sababu mshahara wa mpira peke yake hautoshi familia.

Shemeji akauliza, "Huyo si wa timu ndogo? Wa timu kubwa je?"

Swali zuri. Hapa Dar tukisikia kijana anacheza Ulaya, tunamuona Samatta, kutoka Mbagala hadi Aston Villa. Raga haina fedha za namna hiyo. Mchezo wenyewe uliruhusu malipo rasmi Agosti 1995, yaani vizazi vya wachezaji kabla ya hapo walikuwa madaktari, polisi na wakulima wanaocheza bure. Ligi kuu ya raga ya Uingereza inaweka ukomo wa mishahara: msimu wa 2024/25 ulikuwa pauni milioni 6.4 kwa klabu, kikosi kizima, ukiondoa nafuu chache zinazoruhusiwa. Kwenye soka la nchi hiyohiyo, nyota mmoja anazibeba zote hizo peke yake na chenji inabaki. Si kwamba mchezaji wa raga wa daraja la juu ni maskini, hapana, anaishi vizuri. Ila anaishi vizuri kwa miaka kumi hivi akijaliwa, kisha ana miaka 33, goti limefanyiwa upasuaji, na anaanza kutafuta kazi na vijana waliomaliza chuo jana.

Na hata hiyo miaka kumi haiji kwa mkupuo. Mikataba mingi ni ya msimu mmoja au miwili, na Ufaransa inakwisha tarehe 30 Juni. Ikifika Machi na Aprili chumba kizima kinabadilika. Watu hawataniani sana. Anayejua ataongezewa mkataba anaimba bafuni, asiyejua anashika simu. Ukiwa mgeni, mlango ulio wazi mara nyingi ni wa jokeri: mchezaji wa timu ameumia, unaletwa wewe kushika nafasi yake kwa miezi michache. Akipona, unashukuru na kufunga begi. Nimeona kijana wa Fiji ameletwa hivyo, akacheza vizuri kuliko aliyeumia, na bado akaondoka.

Halafu kuna hili ambalo mawakala wa aina hii hawalisemi. Klabu za Top 14 zinabanwa na kanuni ya wachezaji waliolelewa kwenye vituo vya Ufaransa. Kwa wastani wanatakiwa angalau 16 kati ya 23 wa siku ya mechi. Ndiyo maana wanawachukua watoto wa Fiji na Georgia wakiwa bado wadogo, wakulie kule na kuhesabika kama wa nyumbani. Kijana wa miaka 20 na kitu anayetoka Dar, bila timu ya taifa inayojulikana nyuma yake, anashindania nafasi chache zinazobaki na Waafrika Kusini, Waargentina na Waaustralia.

Kuhusu mwili sikumficha shemeji kitu. Kichwa kikigongwa, siku hizi mchezaji wa daraja la juu anatolewa kukaguliwa kwa dakika 12, na ikithibitika ubongo umetikisika, tangu 2022 wengi hukaa nje angalau siku 12. Zamani walimwagiwa maji na kurudi. Steve Thompson alikuwa kwenye timu ya Uingereza iliyochukua Kombe la Dunia 2003, na mwaka 2020 akasema wazi kwamba hakumbuki kulichukua. Amegundulika na ugonjwa wa kusahau akiwa kwenye miaka ya arobaini. Shemeji alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza kama dogo hawezi kucheza nafasi isiyogongwa. Haipo.

Na usidhani klabu kubwa ni ukuta wa zege. Worcester na Wasps, klabu za ligi kuu ya Uingereza, zilifilisika zote mwaka 2022, London Irish ya ligi hiyohiyo ikafuata 2023. Wachezaji wa timu ya taifa waliamka hawana mwajiri.

Dogo mwenyewe, ambaye muda wote alikuwa amekaa mlangoni akijifanya anachaji simu, akasema, "Baba mdogo, kwani hakuna aliyefanikiwa?"

Wapo, na nilimtajia wa kwetu kwanza. Collins Injera wa Kenya, mwaka 2016 Singapore waliifunga Fiji 30-7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba, na mwezi uliofuata akawa kinara wa wafungaji wa trai, yaani mabao ya raga, katika historia ya msururu wa dunia hadi wakati huo. Halafu Thierry Dusautoir, mzaliwa wa Abidjan, nahodha wa Ufaransa, mchezaji bora wa dunia 2011. Mechi moja ya Kombe la Dunia 2007 dhidi ya New Zealand aliwaangusha watu mara 38. Tena alichelewa kuanza, alikuwa mtu wa judo. Lakini dogo alipoanza kutabasamu nilimalizia: Dusautoir alichukua shahada ya uhandisi wa kemia huku anacheza. Nusu ya tabasamu ikarudi ndani.

Msimamo wangu, na kaka yangu anaukubali, ni aanzie Nairobi. Kenya raga ina mizizi: klabu ya Kabras ya Kakamega inabebwa na kiwanda cha sukari, KCB ni ya benki, Strathmore ni chuo kikuu kina timu yake. Anaweza kusoma na kucheza, basi la usiku linamrudisha Dar mama akiugua, na akiwa mzuri kweli ataonekana. Shemeji anaona namzibia mtoto riziki. Anasema Nairobi si Ulaya, na hilo siwezi kumbishia.

Kilichobaki ni wakala. Anataka milioni mbili na nusu za "majaribio" kabla dogo hajapanda ndege. Nilimwambia shemeji kwamba Ufaransa wakala anahitaji leseni, anakula kwenye mkataba uliokwisha kusainiwa, na sheria inamwekea ukomo wa asilimia 10. Klabu ikikutaka haikutumii mtu kuchangisha. Hakunijibu, ila alimpa bwana yule namba yangu, nikae naye tuongee kitaalamu, watu wa raga wawili. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Mpaka naandika haya hajapiga.